Kinyonga Mwenye Matege: Matunzo ya Kinyonga wa Kufugwa Aliyetelekezwa



Mgonjwa ninayemleta mbele yenu leo hana nafasi kubwa katika mitaala yetu. Tulifundishwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Kinyonga tulikutana naye njiani tu, na wengi wetu tulilelewa tukiambiwa tumkwepe kwa kuwa ana mkosi au sumu. Sumu hana. Anachoweza kukufanyia ukimshika vibaya ni kukuzomea na kukuuma kidogo, na hata hilo ni kwa sababu ameogopa.

Huko Ulaya, Marekani na katika miji ya Ghuba, kinyonga hununuliwa dukani na kuwekwa sebuleni. Anayeongoza katika biashara hiyo ni kinyonga wa Yemen, mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye asili yake ni Yemen na kusini magharibi mwa Saudi Arabia. Mwingine ni wa kwetu kabisa: kinyonga wa pembe tatu, wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania. Wote wawili wanaugua maradhi yaleyale wanapofungiwa ndani bila matunzo, yaani kulainika kwa mifupa. Mtoto wa binadamu akipatwa na hali inayofanana nayo tunasema ana matege.

Hoja yangu ni kwamba maradhi haya hutengenezwa ndani ya kizimba. Kwa hiyo tiba yake lazima ianzie kwenye kizimba, kabla hatujafika kwenye bomba la sindano. Daktari anayemchoma kinyonga sindano ya kalsiamu na kumrudisha kwenye kizimba kilekile hajamtibu.

Mgonjwa anavyofika

Mara nyingi huletwa akiwa amechelewa, ndani ya boksi. Miguu ya mbele imepinda, na badala ya kusimama juu ya vidole anajikokota kwa viwiko. Hashiki tena tawi, anaangukaanguka. Ukiligusa taya la chini kwa ncha ya kidole, linabonyea. Anamwona mdudu, jicho moja linageuka, la pili linafuata, kinywa kinafunguka, lakini ulimi haufyatuki. Ulimi huo kwa kinyonga mzima hufika mbali kuliko urefu wa kiwiliwili chake. Sasa unatoka kidogo tu, au unaning'inia na kushindwa kurudi. Macho yamedidimia kwa kiu. Ile sehemu ngumu ya mkojo, ambayo kwa mnyama mzima ni nyeupe, imekuwa na rangi ya machungwa.

Mwenyewe atakwambia alianguka, au kwamba siku hizi amekuwa mvivu. Msimkaripie. Wengi wao waliuziwa mnyama, kizimba cha kioo na kopo la wadudu, wakaambiwa hahitaji kitu kingine. Aliyewauzia ana lawama kubwa kuliko wao.

Mifupa inavyolainika

Kinyonga hutengeneza vitamini D3 kwenye ngozi yake. Kinachoanzisha kazi hiyo ni miale ya urujuanimno ya aina ya B, yenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 290 hadi 315. Miale ikishafika kwenye ngozi, joto la mwili huendeleza mabadiliko, kisha ini na figo huifikisha vitamini kwenye umbo linalofanya kazi. Ndiyo maana kinyonga aliye kwenye baridi hafaidiki ipasavyo hata akipata miale. Bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha, hata ukimlisha unga wa kalsiamu kila siku.

Kalsiamu ikipungua kwenye damu, moyo na misuli haviwezi kungoja. Tezi za paratiroidi, zilizoko shingoni, humwaga homoni inayoagiza kalsiamu ichotwe kwenye mifupa. Kwa majuma au miezi mnyama haonyeshi dalili, kwa kuwa damu inalipwa kwa akiba ya mifupa. Pale mfupa mgumu ulipokuwa, mwili hujaza nyuzinyuzi laini, na hapa wengi hudanganyika: taya au mguu huonekana umenenepa, mwenyewe akadhani mnyama ananawiri. Picha ya eksirei ndiyo husema kweli. Mifupa inaonekana hafifu, pengine na mivunjiko ambayo hakuna aliyeitambua.

Akiba ikiisha, damu nayo hukosa kalsiamu. Vidole huanza kutetemeka, kisha mwili mzima, na mwisho ni degedege. Utumbo nao ni misuli. Hulegea, mnyama akafunga choo. Ulimi ule usiofyatuka ni dalili ya jambo hilohilo.

Fosforasi huongeza tatizo. Nyenje na funza wa unga, ambao ndio chakula kikuu cha kinyonga wa dukani, wana fosforasi mara kadhaa kuliko kalsiamu, ilhali mnyama huyu anahitaji kalsiamu iwe takriban maradufu ya fosforasi. Porini anakula wadudu wa kila namna, nao wamekula majani ya kila namna, na juu yake kuna jua. Ndani ya nyumba anashibishwa aina moja ya mdudu aliyelishwa pumba.

Suala la kioo

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo wafugaji wa pwani na Ghuba wanapopotea. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miale yote ya aina ya B. Mwanga unapita, joto linapita, miale tunayoitaka inabaki nje. Mtu anaishi Mombasa au Muscat, jua linawaka mwaka mzima, na kinyonga wake anapata matege akiwa hatua mbili kutoka dirishani. Taa ya kawaida ya chumbani nayo haitoi miale hiyo. Taa maalumu za wanyama watambaao zipo, lakini nguvu yake ya miale hupungua wakati mwanga wake bado unaonekana uleule, kwa hiyo nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Plastiki au kioo kisiwepo kati ya taa na mnyama.

Tusione haya kujifunza kutoka kwa madaktari wa binadamu. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky alionyesha kwamba watoto wenye matege hupona wakiangaziwa taa ya urujuanimno. Kwa kinyonga, uthibitisho mzuri zaidi ninaoufahamu ni utafiti uliochapishwa mwaka 2009 juu ya kinyonga wa Madagaska aitwaye kinyonga-chui. Waliokuwa na upungufu wa vitamini D3 katika chakula walijianika zaidi kwenye miale. Waliokuwa nayo ya kutosha walijianika kidogo. Mnyama huyu anajua kipimo chake. Kazi yetu ni kumpa mahali penye miale na mahali penye kivuli, kisha kumwachia achague.

Hapa kwetu tuna bahati ambayo mfugaji wa London hana. Kizimba cha wavu, kikiwa na majani yanayofunika nusu yake, kikitolewa nje kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kinafanya kazi ambayo hakuna taa inayoishinda. Ila kizimba cha kioo kisiwekwe juani hata kwa dakika chache, kwa sababu mnyama ataiva humo. Na anayemfuga yule wa pembe tatu akumbuke kwamba huyo ni mnyama wa milimani, anayehitaji usiku wa baridi. Chumba chenye joto la pwani kinamdhoofisha, jua liwepo au lisiwepo.

Siku za kwanza

Usimng'oe kinyonga kwenye tawi. Vidole vyake hushika kwa nguvu, na mfupa laini huvunjika mikononi mwako. Weka mkono au kijiti mbele yake, apande mwenyewe. Baada ya hapo mguse kwa nadra sana.

Maji yatangulie chakula. Kinyonga kwa kawaida hatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli. Hunywa matone juu ya majani. Nyunyiza majani asubuhi na jioni, au tundika kopo lenye tundu dogo lidondoshe tone moja moja. Aliye dhaifu sana adondoshewe maji pembeni mwa mdomo, polepole, ameze mwenyewe. Kinywa kisifunguliwe kwa nguvu, maana taya ndilo mfupa wa kwanza kuvunjika.

Kizimba kishushwe. Mnyama asiyeweza kushika hawekwi juu. Matawi yawe ya mlalo, karibu na sakafu, yenye unene ambao vidole vinaweza kuuzunguka, na chini patandikwe kitambaa. Taa ya joto isogezwe kiasi kwamba hawezi kuigusa. Wapo wanaoungua kwa sababu hawana nguvu ya kuondoka penye moto.

Akitetemeka au akipata degedege, hiyo ni dharura. Daktari humpa kalsiamu glukoneti kwa sindano, kwa kipimo cha uzito wake, huku akimrudishia maji mwilini, kwa sababu kalsiamu nyingi kwa mnyama aliyekaukiwa huumiza figo, na ikiingizwa kwa haraka kwenye mshipa husimamisha moyo. Asiyetetemeka hupewa kalsiamu ya maji kwa mdomo, kwa majuma kadhaa.

Chakula na unga wa kalsiamu

Mdudu alishwe vizuri kwa siku moja au mbili kabla ya kuliwa: majani mabichi, karoti, mchicha kidogo tu kwa kuwa una oksaleti zinazofunga kalsiamu. Kisha apakwe unga wa kalsiamu kaboneti usio na fosforasi. Hapa nawaonya wenzangu wa kuku. DCP (dikalsiamu fosfeti) na mifupa ya kusaga tunayochanganya kwenye chakula cha kuku vina fosforasi ndani yake, na kinyonga fosforasi anayo tayari kupita kiasi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa mpaka yawe laini kama poda, ni karibu kalsiamu kaboneti tupu, nayo yanafaa pale ambapo duka halipo.

Unga wenye vitamini D3 utumike kwa nadra, si kila mlo. D3 ikizidi hugandisha kalsiamu kwenye figo na mishipa ya damu, na kosa hilo halirudi nyuma kama upungufu unavyorudi. Jua halimzidishii kwa njia hiyo.

Majike wa kinyonga wa Yemen wanahitaji uangalizi wa pekee. Hutaga makumi ya mayai kwa mkupuo mmoja, hata bila kukutana na dume, na ganda la kila yai linatoka kwenye kalsiamu ya mama. Jike mwenye matege akibeba mayai anaweza kushindwa kuyasukuma, akafa nayo. Apewe chombo chenye mchanga wenye unyevu wa kuchimba, na asishindiliwe chakula, kwa sababu kulishwa kupita kiasi huongeza idadi ya mayai.

Kupona na kutopona

Taya hukaza kwanza. Mitetemo huisha, ulimi huanza kurudi, mnyama hupanda tena. Haya huchukua miezi. Miguu iliyopinda haitanyooka. Atabaki na kilema, na wengi huishi nacho vizuri katika kizimba chenye matawi ya chini. Lakini yule ambaye uti wa mgongo umevunjika, asiyeweza kushika wala kula baada ya matibabu ya kweli, tusimwache ateseke kwa miezi. Daktari amlaze bila maumivu, na mwenye mnyama aelezwe hivyo bila kufichwa.

Aliyepona asiachiliwe porini ovyo. Mwaka 1972 mfanyabiashara wa wanyama huko Kaneohe, Hawaii, aliingiza makumi ya vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji, akawaachia bustanini wapate nafuu. Walipata nafuu, wakatawanyika, na leo wamezagaa katika visiwa kadhaa vya huko na wanawala wadudu na konokono wa asili. Na anayemwokota kinyonga wa porini hapa kwetu ajue kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, haziruhusu kumfuga mnyamapori bila kibali. Kinyonga mzima aliye kwenye ua aachwe kwenye ua wake.

Naiomba semina hii ikubaliane jambo moja la kitaalamu. Kila kinyonga atakayeletwa kwetu, kabla ya kupimwa uzito na kabla ya dawa yoyote, mwenyewe aulizwe maswali matatu na majibu yaandikwe kwenye faili: anapata miale kutoka wapi, taa yake ina miezi mingapi, na je, kuna kioo katikati?