Kabla Hatujatoa Feza za Sanduku: Namna ya Kuchanganya Nta ya Parafini

(Maneno ya mama mmoja wa chama chetu, aliyoyatoa katika mkutano wa wanamemba hapa Kanyaruchinya. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya zile nta za kunukia, kwa sababu kuna wazo la kutoa feza za sanduku ili tununue gunia la parafini. Ninaomba munisikilize mpaka mwisho, kabla ya kupiga makofi ao kukataa.

Munajua vizuri hizo feza zilitoka wapi. Wengi wetu tulifika hapa mwisho wa 2022, kutoka Kibumba, Rugari, Rumangabo, tukafunga mashitingi juu ya mawe ya volkano. Februari 2025 kambi zikavunjwa. Wengine walirudi kwao wakakuta nyumba haina mlango wala dirisha. Wengine wakabaki hapa kando. Na mabenki ya mjini Goma yalikuwa yamefunga milango tangu Januari. Basi likelemba na sanduku letu ndiyo benki tuliyobaki nayo. Feza hiyo haichezewi.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Ninaposema parafini, sisemi petroli ya taa. Nasema nta: ile nyeupe, ngumu, inayokuja kama matofali ao vipande, inayotoka katika mafuta ya chini ya ardhi wakati yanaposafishwa. Kenya watu wengi wakisikia parafini wanafikiri mafuta ya taa. Kwa hiyo ukimtuma mtu Nairobi kwa simu, mwambie "nta ya parafini ya kutengeneza mishumaa". Na petroli ya taa usiitie kamwe ndani ya nta, hata kijiko kimoja. Inatoa moshi, inanuka, na inashika moto haraka.

Nta ya kunukia ninayoisema haina utambi. Ni kipande kidogo, gramu 30 hivi. Unakiweka katika kisahani juu ya chombo cha udongo, chini yake buji ndogo. Kinayeyuka polepole na nyumba inanukia. Wanaoweza kununua ni nyumba za kulala wageni, masaluni ya nywele, masala ya harusi, na mama mwenye wageni Jumapili. Usidanganye mtu kwamba inafukuza umbu ao inaponyesha kikohozi. Inanukisha, basi.

Sasa niwaambie namna nilivyopoteza, maana hapo ndipo nilipojifunza. Mara ya kwanza nilinunua kilo 10 kwa mfanyabiashara mmoja. Aliniambia ni parafini ngumu, inayeyuka kwa digrii 58 mpaka 60. Nikaamini, sikupima. Nikatengeneza buji za kawaida. Kufika saa sita mchana, chini ya mabati, buji zikaanza kuinama kama watu wanaosali. Hakuna aliyenunua. Nikalia, kwa sababu nusu ya feza ilikuwa ya dada yangu.

Mama mmoja aliyezoea kazi hiyo akaziangalia, akacheka kidogo, akaniambia: "Hii parafini si mbaya. Umeipa tu kazi isiyo yake." Na ni kweli. Parafini haiko moja. Kuna laini, inayoyeyuka kwa digrii 52 mpaka 54. Kuna ngumu, ya 58 mpaka 60, na nyingine inapita hapo. Ngumu ni ya buji inayosimama. Laini inashika manukato vizuri na kuyaachilia haraka. Ni nzuri kwa kipande cha kisahani. Lakini laini peke yake inanata mkononi na kuharibika shape kwenye joto, na ngumu peke yake inapasuka na harufu inatoka kidogo. Njo sababu tunachanganya.

Kipimo ninachotumia sasa ni hiki. Katika kila gramu 100 za nta: laini 65, ngumu 30, na stearini 5. Stearini ni ile inayouzwa kama unga ao vipande vyeupe. Inafanya nta iwe nyeupe zaidi na itoke vizuri kwenye forma. Juu ya hizo 100 unaongeza gramu 6 za mafuta ya manukato. Ukichanganya laini na ngumu nusu kwa nusu, mchanganyiko utayeyuka karibu katikati ya zote mbili. Hiyo ni hesabu ya kukuongoza tu, jaribio ndilo linalosema ukweli. Na pima kwa balansi, si kwa kikombe. Kikombe cha vipande na kikombe cha nta iliyoyeyuka si uzito mmoja.

Kuhusu manukato, kuna makosa matatu. La kwanza ni kuzidisha. Mimi niliwahi kutia gramu 15 kwa 100, nikifikiri harufu itakuwa mara mbili. Asubuhi vipande vilikuwa vimetoa jasho la mafuta, karatasi yote imelowa. Nta ina kiasi inachoweza kushika, kinachozidi inakitema. La pili ni kutia parfum ya kujipulizia mwilini. Ile ina alkoli nyingi: haishikani na nta, na mvuke wake unashika moto. La tatu ni kutia majani, ya mukaratusi ao ya mchaichai. Majani yanaungua kisahani kikipata joto. Kama unataka mukaratusi, tafuta mafuta yake. Maji nayo hayachangamani na nta. Yanairusha tu usoni.

Kuyeyusha: kopo la nta linaingia ndani ya sufuria yenye maji, na sufuria juu ya mbabula. Usiweke nta moja kwa moja kwenye makala. Sisi hapa tuko juu ya mita 1,500, na maji yetu yanachemka karibu digrii 95, hayafiki 100. Kwa kazi hii ni bahati: ndani ya maji nta haiwezi kupita joto hilo, na moto wa kuiwasha ni mbali sana. Lakini maji yakikauka bila wewe kuona, ulinzi umekwisha. Angalia maji kila wakati, ongeza polepole.

Nta ikifika digrii 80 mpaka 85, toa kopo, tia manukato, koroga polepole kwa dakika 2. Acha ipoe kidogo, ifike 65 mpaka 70, ndipo umwage kwenye forma. Kama huna termometre, ngoja uone ngozi nyembamba inaanza pembeni ya kopo. Usiweke forma kwenye upepo wa jioni. Baridi ya ghafla inapasua nta. Ikishikana, funga vipande vizuri, uviache siku 2 kabla ya kuviuza. Na usitie utambi katika nta hii ukaiuza kama buji. Ni laini, itamwagika juu ya meza ya mtu na moto wake.

Sasa moto wenyewe. Nyumba zetu ni za mbao, zimegusana. Nta ikiwaka ndani ya kopo, usimwage maji. Maji yanaingia chini, yanageuka mvuke, yanarusha nta inayowaka mpaka kwenye dari. Funika kwa kifuniko, toa makala, ngoja. Kifuniko kiwe mkononi kabla ya kuwasha, pamoja na kikopo cha mchanga. Mbabula ikae nje ao chini ya kivuli kilicho wazi, maana hewa ya makala inaua ndani ya nyumba iliyofungwa. Watoto wakae mbali. Najua maji hapa ni shida, lakini weka bido moja ya litri 20 kando: si ya kuzima nta, ni ya mtu akiungua. Mwagia mahali palipoungua maji baridi dakika 20, na nta iliyoshika ngozi usiivute kwa nguvu. Kisha mpeleke kituo cha afya.

Tuje kwenye hesabu. Huu ni mfano tu, bei mutazitafuta wenyewe. Tuseme kilo moja ya mchanganyiko imegharimu franka 10,000, manukato 9,000, makala na vifungashio 3,000. Jumla 22,000. Kilo moja na manukato yake ni gramu 1,060, inatoa vipande 35 vya gramu 30. Kila kimoja kimekugharimu karibu franka 630. Ukiuza kwa 1,000, unapata 35,000, inabaki 13,000. Vizuri. Lakini vitano vikivunjika ao visipouzwa, inabaki 8,000. Na hapo bado hamjalipa siku ya mama aliyekaa kwenye mbabula. Aliyewaambia kwamba gunia moja litatutajirisha hakuhesabu vile vitano.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Tusinunue gunia sasa. Tununue kilo 5 tu: laini 3 na nusu, ngumu 1 na nusu, na stearini kidogo. Kabla ya kulipa, tumwombe muuzaji kipande. Tukikandamize kati ya karatasi mbili usiku mmoja: doa kubwa la mafuta, tunakataa. Tukinuse: kikinuka petroli, tunakataa. Kisha kipande kidogo kwenye kopo ndani ya maji, tupashe polepole na termometre ndani ya nta, tuandike kinayeyuka kwa digrii ngapi. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Halafu mama watatu watengeneze, gramu 100 kila jaribio, na waandike katika kaye kila kipimo, kila kilichouzwa, kila kilichovunjika. Baada ya mwezi walete kaye hapa mbele ya wote. Tukiona faida, tununue gunia kwa mkono mmoja. Tukiona hasara, itakuwa hasara ya kilo 5, na sanduku litabaki na kitu cha mwenye mgonjwa na cha mwenye kujenga upya.

Na dada yangu? Zile buji zilizoinama niliziyeyusha tena, nikachanganya na ngumu, nikauza vipande vya kunukia. Nilimrudishia feza yake, lakini ilichukua miezi minne. Sitaki chama hiki kingoje miezi minne kwa kosa ninalolijua tayari.

Ni hayo tu. Anayetaka kuuliza ainuke.