Almasi Iliyopotea Usiku



Leo nataka kuwaeleza habari za kitabu kimoja cha Kiingereza kilichoninyima usingizi siku tatu mfululizo. Jina lake ni The Moonstone, yaani Jiwe la Mwezi, na mwandishi wake ni Wilkie Collins. Kilitolewa kwanza sehemu kwa sehemu mwaka 1868, katika gazeti la kila juma la Charles Dickens, hata wasomaji wakawa hawana budi kungoja juma zima wapate kujua yaliyofuata.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1799, katika vita vya Seringapatam huko Bara Hindi, afisa mmoja Mwingereza alinyakua almasi takatifu. Miaka mingi baadaye almasi ile akapewa binti aitwaye Rachel, siku alipotimiza miaka 18. Usiku ule ule ikatoweka. Kulipopambazuka, watu wa nyumba moja wakatazamana kwa jicho la shaka.

Aliyetangulia kuja ni afisa wa polisi wa karibu, mtu wa kelele nyingi. Kisha akafika Sajini Cuff kutoka London, mzee aliyekonda, apendaye sana maua ya waridi. Yeye aliona alama ndogo mlangoni, mahali ambapo rangi mbichi iliguswa. Akauliza: rangi hii ilikauka saa ngapi? Kwa swali hilo akatambua kwamba aliyepita pale usiku anayo nguo yenye doa. Basi, itafutwe nguo.

Utamu wa kitabu ni kwamba hakisimuliwi na mtu mmoja. Anaanza Betteredge, mtumishi mzee, wakafuata wengine, na kila mmoja hueleza yale aliyoyaona mwenyewe. Kila ajapo msimulizi mpya, uliyemdhania mwizi huonekana hana hatia, na uliyemwamini hukutia wasiwasi. Hata Cuff, pamoja na ujuzi wake wote, alikosea.

Lakini jambo moja lilinichoma moyo. Nyumbani mle alikuwamo kijakazi Rosanna, aliyewahi kuiba zamani, akafungwa, akatubu. Mimi nilimhukumu mara moja. Baadaye niliona haya.

Nikakumbuka siku za shule. Shilingi tano za mwenzetu zilipotea bwenini, nasi tukamshuku mvulana mmoja kwa kuwa alikuwa maskini kutupita sote. Majuma mawili hakuna aliyesema naye. Halafu fedha zikaonekana katika kitabu cha mwenyewe. Hatukumwomba radhi, wala mimi sikumwomba.

Mwizi wa almasi ni nani? Sisemi, nisije nikawaibia furaha yenu. Nawashauri tu: kila mfikapo mwisho wa sura, andikeni kwenye karatasi jina la mnayemshuku. Mimi nilipomaliza nilikuwa nimeyafuta majina manne. La kwanza lilikuwa la Rosanna.

Kudhani si kujua.