Tanzi, Vyuma Chakavu na Haki ya Majirani wa Hifadhi
(Mazungumzo katika semina ya viongozi wa walei)



Nimeombwa niseme juu ya pendekezo la vijana wetu mafundi, yaani kutengeneza sanamu za wanyama kwa vyuma chakavu, zisimamishwe nje, penye lango la hifadhi. Wengine wameuliza jambo hili linaihusuje Tume ya Haki na Amani. Jibu limo katika chuma chenyewe.

Katika Serengeti, silaha ya mwindaji maskini si bunduki, ni waya. Tairi bovu huchomwa moto, nyaya zake hutolewa, hufanywa tanzi, na tanzi hufungwa mtini penye njia ya nyumbu. Lakini tanzi halichagui. Lililotegewa nyumbu humnasa simba au twiga, hata mkonga wa tembo. Na mnyama asiyefikiwa upesi huoza bila kumfaa mtu. Ndiyo maana mwaka 2017 shirika la uhifadhi la Frankfurt, pamoja na TANAPA na wafanyabiashara wa utalii, walianzisha vikosi vya kutembea kwa miguu na kuyang'oa matanzi hayo.

Aliyetega ni nani? Mara nyingi ni jirani yetu, mwenye watoto wanaotaka kitoweo na karo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisemi kwamba kosa si kosa. Nasema kwamba sanamu itakayomlilia nyumbu na kumsahau jirani huyo itakuwa imesema nusu ya ukweli.

Tutazame Msumbiji. Vita vilikwisha mwaka 1992, bunduki zikabaki zimefichwa majumbani na ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi ile, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani badala ya silaha. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wakaunda kwazo viti, ndege na wanyama. Hata Mti wa Uzima, kazi ya wasanii wanne, ambao umo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Angalieni mpangilio: cherehani ilitangulia, sanamu ikafuata. Huko Pakwach, Uganda, jirani na Hifadhi ya Murchison Falls, wako waliokuwa wawindaji ambao leo husuka wanyama wadogo kwa nyaya za mitego na kuwauza.

Kazi yenyewe mafundi wanaijua kuliko mimi. Mifupa ya mnyama ni nondo na springi za magari, ngozi ni minyororo ya baiskeli na mabati ya mapipa. Nitasema mambo machache tu. Mabati yenye madini ya zinki yakichomelewa hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo yafungwe kwa waya au ribiti. Pipa lililowahi kubeba dawa za pamba lisiguswe kabisa. Miguu izamishwe katika zege, na ncha zote zipigwe tupa, maana watoto watapanda mgongoni, tupende tusipende. Wala kusiwe na kitanzi kilicho wazi ambacho mnyama hai aweza kutia kichwa.

Nyaya za mitego zina masharti yake. Asiende mtu porini kuziokota. Akikamatwa nazo atamweleza nini askari? Zitoke mkononi mwa mhifadhi, kwa barua, baada ya kesi kwisha kama zilikuwa vielelezo. Tena tusinunue tanzi hata moja kutoka kwa mtu. Siku tutakapoweka bei, matairi yatachomwa usiku kucha ili kutuuzia.

La mwisho ni ujira, na hapa sitanii. Tumezoea kuwaambia vijana kwamba wanajitolea, huku mgeni akilipa kiingilio ili apigwe picha mbele ya kazi yao. Mkataba utaje malipo ya fundi, gharama ya umeme na vyuma vya kuchomelea, na jina la fundi liandikwe kwenye zege. Theluthi moja ya nafasi ziwekwe kwa wale waliowahi kufungwa kwa ujangili, bila kuwataja hadharani. Rasimu iko kwa katibu wa parokia; kila jumuiya iisome na kuleta marekebisho kabla hatujaonana na mhifadhi.