Barua ya Ufadhili Isomwe Hadi Mwisho

Msikilizaji unayekusudia kusomea shahada ya uzamivu Marekani, ukipata barua mbili za kukubaliwa, usianze na jina la chuo. Anza na posho. Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wanafunzi wanaofundisha na kufanya utafiti, waligoma, na kilio chao kikubwa kilikuwa kodi ya nyumba. Chuo hicho kina sifa dunia nzima, lakini sifa hailipi pango. Basi uliza: fedha ni za miaka mingapi? Zimeandikwa, au zimesemwa tu? Miezi ya likizo ndefu je? Bima ya afya analipa nani? Mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa saa 20 za kazi chuoni kwa wiki wakati wa masomo, na kufundisha mara nyingi huzimaliza zote, hivyo pengo la posho halizibiki kwa kibarua.

Wapo watakaosema jina la chuo ndilo hufungua milango ya ajira. Kweli kwa sehemu, ila mlango huo humfungukia aliyemaliza, na kumaliza kunategemea sana msimamizi. Waandikie wanafunzi wake wa sasa, na hasa walioondoka: rasimu huzirudisha baada ya muda gani, na mtu akiugua hutendewaje? Ukiharakishwa, usitishike. Vyuo vingi vya huko vimeridhia azimio linalompa mwanafunzi hadi Aprili 15 kujibu barua yenye ufadhili.