Kabureta Mpya kwa Pikipiki ya Zamani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniomba niseme juu ya utumishi wa serikali. Nimeona afadhali niseme juu ya kabureta. Wanaocheka wangoje kidogo, maana katika idara ya kilimo niliyomo, nusu ya utumishi wenyewe hupanda pikipiki. Pikipiki ikilala, bwana shamba amelala, na mkulima hana wa kumwuliza. Tena najua kwamba baadhi yenu vijana, mkimaliza kidato cha nne, mtaendesha pikipiki kwa kutafuta riziki kabla ya kazi nyingine yoyote. Basi neno hili si la mafundi peke yao.

Nachukua mfano wa Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, injini yake cc 124, na Wajapani waliiunda makusudi kwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo na haioni fundi mara kwa mara. Ndiyo maana vali zake husukumwa kwa fimbo, wala si kwa mnyororo wa ndani. Injini hiyo imenakiliwa sana na viwanda vya China, na kwa sababu hiyo vipuri havikosekani. Kabureta ya zamani ikichoka, mtu huenda dukani akapewa iliyoandikwa PZ26, au PZ27, au hata PZ30. Matundu ya boliti yakilingana, inafungwa, watu wanapeana mikono. Kesho yake pikipiki inapiga chafya, au inazimika mlimani, na lawama yote huangukia kabureta.

Katika wilaya moja niliyofanya kazi, pikipiki ya bwana shamba ilibadilishwa kabureta mara tatu. Kila mara ilikwenda vizuri kama dakika kumi, kisha ikafa. Ikipumzishwa, ilikubali tena. Wakulima wa kata mbili walikaa wiki kadhaa bila kumwona mtaalamu wao. Ubovu ulikuwa kwenye kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha kupitisha hewa kilikuwa kimezibwa na vumbi, kwa hiyo petroli iliposhuka, hewa haikuingia kushika nafasi yake, na mwishowe petroli ilikataa kushuka. Kipimo chake hakihitaji hata spana: pikipiki ikizimika, fungua kifuniko, ukisikia hewa ikivutwa kwa mlio, na injini ikakubali mara moja, umempata mwizi wako. Lakini fomu ya kuomba kipuri ina mahali pa kuandika jina la kipuri na bei yake, haina mahali pa kuandika ulijuaje kuwa ndicho kibovu.

Vijana wa kidato cha tatu mnisaidie hapa. Daniel Bernoulli alichapa kitabu chake mwaka 1738, na habari zake hufundishwa katika fizikia: hewa ikipita mahali pembamba hukimbia, na ikikimbia kanieneo hupungua. Kabureta ni hilo tu. Pistoni inavuta hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba, na petroli inanyonywa kupitia vijitundu viitwavyo jeti. Injini hutaka takriban gramu 15 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Sasa mkiona mtu anafunga PZ30, ambayo ni ya injini za cc 200 na zaidi, kwenye CG125 akitumaini mbio, mtajua kwa nini pikipiki inazubaa anapovuta resi: koo ni pana, hewa inapita polepole, mnyonyo ni dhaifu. Amelipa zaidi apate pungufu.

Kabla ya kugusa jeti yoyote, tafuta hewa ya wizi. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cheusi cha kuzuia joto, chenye gasketi au mpira wa duara. Mara nyingi kabureta mpya hufungwa kwa mpira ule ule wa zamani, uliokwisha kukauka na kupasuka. Dalili yake ni kwamba injini hunguruma juu bila kuguswa, na ukiachia resi hukawia kushuka. Injini ikiwaka, nyunyiza maji kidogo yenye sabuni kwenye maungio. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo panapovuja. Wako wanaonyunyiza petroli kwa kazi hiyo. Wasiwe karibu nami wanapofanya hivyo.

Kisha tumia choki kama daktari anavyotumia kipimajoto. Pikipiki inasumbua; funga choki kidogo huku inakwenda. Ikipata nafuu, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kusumbuka, ilikuwa imeshiba mno. Plagi nayo husema: masizi meusi makavu ni petroli nyingi, weupe wa chokaa ni petroli kidogo, na rangi ya kahawia hafifu ndiyo tunayoitaka. Weupe huo msiudharau. Injini yenye njaa hupata joto kupita kiasi, na mwisho wake ni vali kuungua au pistoni kuharibika, na hapo hatuzungumzi tena juu ya bei ya jeti.

Lipo jambo moja ambalo mafundi wengi hawalifanyi, nami naliona la thamani kuliko yote. Bandika utepe kwenye mshikio wa resi, utie alama: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, wazi kabisa. Endesha, uone ni alama ipi inayosumbua. Tangu kunguruma bila kuguswa hadi karibu robo, mwenye amri ni jeti ndogo na skrubu yake. Katikati ni sindano. Kuanzia robo tatu ni jeti kubwa. Pikipiki inayosumbua ikiwa wazi kabisa haiponywi kwa kuzungusha skrubu ndogo, hata uizungushe mpaka jioni. Na badilisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse cha pili. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja, hata akifaulu hajui amefaulu kwa lipi.

Jeti iliyofaa Dar es Salaam yaweza kuwa kubwa mno Njombe. Karibu mita 2,000 juu ya bahari hewa imepungua uzito kwa kiasi kinachokaribia sehemu moja ya tano, na petroli ile ile inakuwa nyingi mno. Ndugu zetu wanaohamishwa vituo pamoja na pikipiki zao walikumbuke hilo kabla ya kumgombeza fundi.

Sasa la hatari. Pistoni ndogo ya kabureta, ile inayopandishwa na waya wa resi, ina mfuo unaopaswa kukaa kwenye kijipini chake, na upande wake uliokatwa hutazama kichujio cha hewa. Ikikaa vibaya hukwama juu, na pikipiki iliyokwama resi haimsikilizi mtu. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, vuta resi uachie. Lazima usikie inagonga chini. Ukishawasha, zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mngurumo ukipanda, waya umevutwa mno au umepitishwa vibaya. Usimpakie mtu kabla ya kipimo hicho. Angalia pia bomba la kumwagia ziada: petroli ikidondoka, kidude cha boya hakifungi, na ikidondoka usiku kucha huweza kuingia hata kwenye oili. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, badilisha oili kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa inanitazama. Chini ya mwembe nyuma ya karakana ipo CG125 ya mwenzetu mmoja, ambayo tangu abadilishe kabureta haipandi mlima. Hatujaifungua. Baada ya chakula, wanafunzi wanaotaka waje na kalamu, na utepe ninao.