Mashindano ya Sataranji Yaje Sumbawanga

Msikilizaji, alasiri ukipita kando ya soko hapa Sumbawanga utawakuta tu. Watu wazima wameinamia ubao wa drafti, kete zao ni vizibo vya soda, wa huku kavigeuza juu, wa kule kavifunika chini. Waliosimama ni wengi kuliko wanaocheza, na kila aliyesimama ana neno la kusema. Leo nawazungumzia hao, pamoja na watu wazima wachache wa mkoa wetu wa Rukwa walioanza kujifunza sataranji, mchezo ambao vijana wanauita chesi, na wanaotamani siku moja wakae kwenye mashindano rasmi wakashindane kweli.

Watu hao huambiwa wamechelewa. Huambiwa sataranji ni ya watoto, akili ikishakomaa haishiki tena. Nadhani tumelichukua hilo kwenye hadithi tunazozipenda. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianza mchezo akiwa mtoto, akapata cheo cha kimataifa katika Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012, na maisha yake yakatengenezewa filamu mwaka 2016. Hadithi hiyo naipenda mno. Lakini haisemi popote kwamba mlango umefungwa kwa mwalimu wa sekondari, muuguzi au mkulima wa Laela mwenye miaka arobaini na mitano.

Tuangalie basi mchezaji hodari anamzidi nini mchezaji wa kawaida. Mholanzi Adriaan de Groot alilichunguza swali hili miaka ya 1940, akaona kwamba mabingwa hawapigi hesabu ndefu kiasi hicho kuwazidi wengine. Wao huiona hatua nzuri mapema. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, William Chase na Herbert Simon, walionyesha jambo jingine. Bingwa akitazama kwa sekunde chache ubao wa mchezo halisi, anaweza kuupanga upya karibu wote kwa kumbukumbu. Kete zikitawanywa ovyo, ubingwa haumsaidii tena, anakuwa karibu sawa na anayeanza. Alichonacho kichwani ni akiba ya maumbo aliyoyaona mara nyingi. Wacheza drafti wetu wanalijua hili bila kusomeshwa. Anayejua ubao anaiona nafasi ya kula tatu kabla hajaanza kuhesabu. Akiba ya namna hiyo mtu mzima anaweza kuijenga, ila ataijenga polepole kuliko mtoto.

Namna ya kuijenga ina ubishi wake. Mmarekani mmoja, Michael de la Maza, aliyeanza mashindano akiwa mtu mzima, alitoa kitabu mwaka 2002 akieleza njia iliyompandisha haraka. Chukua mafumbo kama elfu moja, yafumbue yote, kisha yarudie yale yale mpaka mizunguko saba. Mzunguko wa kwanza unachukua siku 64, wa pili 32, na kila unaofuata unapungua kwa nusu hadi wa mwisho, mafumbo yote kwa siku moja. Watu wazima wengi duniani walimfuata. Mimi nakubaliana naye kwenye kurudia, kwa sababu umbo halikai kichwani kwa kuonwa mara moja. Mbio zile za mwisho sizikubali. Mtu mwenye shamba, watoto na kazi ya mwajiri hana siku nzima ya kuikabidhi kwa mafumbo. Tena fumbo lenyewe limeshakutangulizia habari kwamba hapa kuna kitu cha kupata. Ndani ya mchezo hakuna anayekuambia hivyo. Unakaa na farasi wako na ngome yako, na ni wewe wa kuhisi kwamba sasa ndipo pa kusimama na kufikiri.

Hapo ndipo mashindano yanapohitajika, na hapo ndipo sisi wa Rukwa tumenyimwa. Michezo ya simu ya dakika tatu tatu inamaliza bando na kuzoesha mkono pupa. Mchezo wa mashindano ya kawaida unampa kila mchezaji saa nzima, au moja na nusu, au zaidi. Ukigusa kete yako, unaicheza hiyo hiyo. Simu inazimwa. Nyuma yako hakuna wa kukunong'oneza, na kwa aliyelelewa na drafti ya sokoni ukimya huo peke yake ni mtihani. Na kila hatua unaiandika kwenye karatasi, yako na ya mpinzani.

Karatasi hiyo naithamini kuliko medali. Ukirudi nayo nyumbani unapata mahali hasa mchezo ulipogeuka, unajua kama uliingia kingi kwa kutokuona au kwa woga. Bila karatasi mtu hukumbuka tu kwamba alifungwa, na wiki ijayo anafungwa vile vile.

Sasa pima umbali. Kiwango cha kimataifa, kile kinachoitwa Elo kwa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani, kilianza kutumiwa na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Tangu Machi 2024 ngazi yake ya chini kabisa ni 1400. Mgeni hapewi kiwango mpaka awe amecheza michezo mitano na watu ambao tayari wana viwango. Watano hao mtu wa Sumbawanga awapate wapi? Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Weka nauli, malazi, na ruhusa ya kazini. Anayejikaza akaenda, anaenda mara moja, anacheza akitetemeka, anarudi. Woga wa meza ya mashindano haupungui kwa safari moja. Unapungua kwa kuizoea meza.

Na tusijidanganye kwamba upande huu wa Afrika hauna wachezaji. Vuka mpaka pale Kasesya, uko Zambia, nchi ya Amon Simutowe, mtu wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara kutunukiwa na FIDE cheo cha grandimasta. Na kwa upande wetu, watumishi wa umma wanashindana kwa bao na drafti kwenye michezo ya SHIMIWI, kwa ratiba na waamuzi. Kwa hiyo mtu mzima kushindana kwa akili si jambo geni kwa serikali yetu.

Ombi langu kwa maafisa michezo wa mkoa na manispaa ni mashindano ya siku mbili, hapa mjini, baada ya mavuno. Julai inafaa. Mahindi yameshaingia ndani, mvua iko mbali, na baridi ya Julai kila mtu anatafuta pa kukaa na wenzake. Darasa la shule iliyofunga linatosha. Mbao maseremala wetu watachonga, na simu, kwa kuwa bado si mashindano ya viwango, zinaweza kuwa saa za kupimia muda, zikiwa mezani mbele ya mwamuzi. Drafti iwe chumba cha pili, ili wazee wa sokoni waje na vizibo vyao, na anayetaka kuchungulia sataranji achungulie. Mbeya na Mpanda waalikwe. Namanyere na Matai, wenzetu wa mkoa huu huu, wasisubiri kualikwa.

Raundi tano zinatosha. Na sharti moja naomba liandikwe kwenye tangazo kwa herufi kubwa: mchezo ukiisha, wawili hao wasiondoke. Wakae upande mmoja wa meza, waweke karatasi zao pamoja, waucheze upya tangu hatua ya kwanza, na aliyeshinda amwonyeshe mwenzake alichokuwa anakiogopa.