Bembelezi na Utulivu wa Moyo: Tunalipia Nini?



 Mmezoea kutusikia tukizungumzia mizani, risiti na tarehe za mwisho wa matumizi. Leo tunazungumzia bembelezi, yaani nyimbo za kumbembeleza mtoto alale. Utulivu nao siku hizi unauzwa, na penye kuuziana pana mnunuzi anayestahili kulindwa.

Bembelezi hazikubuniwa hospitalini. Mama au bibi huimba kwa sauti ya chini, maneno machache yakirudiwa, mwendo ukifuata mkono unaompigapiga mtoto mgongoni. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti uliohusisha watoto njiti 272 katika hospitali 11. Wazazi walichagua wimbo wenye maana kwao, nao ukaimbwa kwa mtindo wa bembelezi chini ya uangalizi wa wataalamu wa tiba ya muziki. Mapigo ya moyo ya watoto yalipungua kasi, na wasiwasi wa wazazi ukapungua pia.

Watu wazima nao hutulizwa hivyo. Mtaalamu wa tiba ya muziki huanza kwa kuuliza: nyumbani kwenu uliimbwa wimbo gani, na unakukumbusha nani? Swali hilo ni la lazima, kwani wimbo wa marehemu mama waweza kutonesha kidonda badala ya kukipoza. Kisha huimba kwa mwendo unaolingana na pumzi ya mgonjwa ilivyo, hata ikiwa ya haraka, halafu hupunguza mwendo kidogo kidogo, pumzi nayo ikifuata. Hicho ndicho tunacholipia. Wimbo ni mali yetu tangu utotoni. Tunachonunua ni ujuzi wa kuutumia.

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita. Hapati usingizi hata mtoto akilala, hulia bila kujua sababu, wala hana hamu ya chakula. Anauziwa rekodi za bembelezi kwa ahadi kwamba zitamponya. Fedha zikipotea, hiyo ni hasara ya kwanza. Hasara iliyo kubwa zaidi ni majuma yanayopita bila kumwona daktari, ilhali sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa unaotibika. Bembelezi yaweza kuandamana na matibabu. Haiwezi kushika nafasi yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tunawashauri muulize haya:

1. Mtoa huduma amesomea wapi tiba ya muziki, na nani anathibitisha cheti chake?
2. Vikao ni vingapi, lengo lake ni nini, na maendeleo yatapimwaje?
3. Gharama yote ni kiasi gani, na risiti itatolewa?
4. Je, yupo tayari kushirikiana na daktari wako? Anayekuagiza uache dawa, mwache yeye.

Tahadhari nyingine inahusu vifaa vinavyotoa sauti za kulaza watoto. Mwaka 2014 jarida lilelile lilichapisha vipimo vya vifaa 14 vya aina hiyo. Vilipofunguliwa sauti hadi mwisho, vyote vilizidi desibeli 50 kwa umbali wa sentimita 30, na desibeli 50 ndicho kiwango kilichopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga. Kifaa kikiwapo nyumbani, kiwekwe mbali na kitanda, sauti iwe ya chini, na kizimwe mtoto akishalala.

Usiku wa leo, mwenye moyo uliochoka aketi mahali pa kimya na kuchagua wimbo aliolelewa nao. Auimbe kwa mguno tu, kwa mwendo wa pumzi yake, kisha aupunguze taratibu. Zoezi hilo halina bei. Lakini huzuni au kukosa usingizi kukidumu kwa majuma mawili, aende kituo cha afya. Na akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, aende siku hiyohiyo, akisindikizwa na mtu anayemwamini.